KOREA MBILI: NJAA NA MDOMO ULIOFUNGWA



 

Ndugu zetu katika imani, wazee wetu, na nyinyi vijana mliojazana karibu na mlango. Mazungumzo yetu ya leo hayakutokana na kitabu bali na swali. Wiki chache zilizopita, baada ya darsa, kijana mmoja alisimama akasema maneno ambayo kwa hakika tumeyasikia barazani mara nyingi. Alisema: "Ustadh, hizi kura na magazeti na maandamano vinatuletea fitina tupu. Si afadhali mtawala mmoja mwenye mkono wa chuma, afunge mipaka, anyamazishe makelele, watu wale na walale?" Baadhi ya waliokuwapo waliitikia kwa vichwa. Mzee wetu mmoja akaongezea kwamba gazeti halimshibishi mwenye njaa.

Hatukumjibu usiku ule, kwa kuwa swali zito halijibiwi huku watu wameshavaa viatu. Lakini lilitugusa, na tunayo sababu. Tulipokuwa masomoni katika nchi mojawapo ya Kiarabu, ambayo hatutaitaja, tuliishi miaka kadhaa chini ya mtawala wa namna ile ile anayotamaniwa na kijana wetu. Mkate ulikuwa rahisi na barabara zilikuwa safi. Hata hivyo, katika bweni letu, mwanafunzi aliyetaka kusema jambo dogo tu kuhusu bei ya gesi aliinuka kwanza akafungua bomba la maji, ili sauti ya maji ifunike sauti yake. Tulizoea. Tuliporudi nyumbani ilituchukua muda kuacha kutazama nyuma kabla ya kufungua kinywa.

Basi tumeona tulijibu swali hili kwa mfano ulio hai, nao ni Korea. Tumeuchagua kwa sababu ukilinganisha nchi mbili nyingine zozote, mtu atakwambia: hawa wana mafuta na wale hawana, hawa wana mvua na wale wana jangwa, hawa ni kabila hili na wale ni kabila lile. Kwa Korea udhuru huo haupo. Ni watu wamoja, lugha moja, vyakula vile vile, mababu wale wale. Walitawaliwa pamoja na Wajapani kuanzia mwaka 1910 mpaka mwaka 1945. Agosti ya mwaka huo Wamarekani na Wasovieti waliigawa rasi yao kwa kufuata mstari wa latitudo ya 38, mstari usiofuata mto, mlima wala kabila. Mwaka 1948 zikatangazwa dola mbili. Tarehe 25 Juni 1950 jeshi la Kaskazini lilivuka mstari, na vita vya miaka mitatu vikateketeza pande zote mbili. Mapigano yalisimamishwa tarehe 27 Julai 1953, na mpaka leo hakuna mkataba wa amani. Kilichopo ni ukanda wa upana wa kilomita 4, wenye urefu wa kilomita zipatazo 250, umejaa mabomu ya ardhini kutoka bahari hadi bahari.

Wala msidhani kwamba upande mmoja ulianza ukiwa tajiri na huru. Kaskazini ndiko Wajapani walikojenga viwanda vizito na mabwawa ya umeme. Kusini kulikuwa mashamba ya mpunga. Kwa miaka mingi baada ya vita Kaskazini haikuwa nyuma, na pengine ilitangulia. Wazee wetu wanaikumbuka Korea ile: Mwalimu Nyerere aliizuru Pyongyang mwaka 1968, na wala hakwenda kutazama nchi ya ombaomba. Ama Kusini, ilitawaliwa kwa mabavu vile vile. Jenerali Park Chung Hee alitwaa madaraka kwa bunduki mwaka 1961 na kuyashikilia mpaka alipouawa mwaka 1979. Aliyemfuatia, Chun Doo Hwan, aliwapeleka wanajeshi katika mji wa Gwangju mwezi Mei 1980, wakawaua raia wapatao mia kadhaa mchana kweupe.

Hapa kijana wetu atatukamata, na ana haki. Atasema: huyo Park ndiye aliyeujenga uchumi wa Kusini, naye alikuwa dikteta. Ni kweli, viwanda vya Kusini vilianza kukua chini yake, na hatutaificha kweli ili hoja yetu ipendeze. Sanduku la kura halipiki chakula. Lakini Kusini, hata katika siku zake mbaya, haikuwa imefungwa. Iliuza na kununua na dunia nzima, ilipeleka wanafunzi nje, ilikuwa na vyama vya upinzani vilivyopigwa bila kufa, na wanafunzi waliorudi barabarani kila walipotolewa jela. Juni 1987 wananchi walijaa barabarani mpaka watawala wakakubali rais achaguliwe na watu wenyewe. Miaka tisa baadaye, yule Chun wa Gwangju alisimamishwa kizimbani akahukumiwa, ingawa baadaye alisamehewa.

Kaskazini mlango ulifungwa ukabaki umefungwa. Kim Il Sung alitawala mpaka kifo chake mwaka 1994, akamrithisha mwanawe Kim Jong Il, naye alipofariki mwaka 2011 akamrithisha mwanawe Kim Jong Un. Katiba yao inataja uhuru wa kusema na uhuru wa dini. Mtu akiisoma bila kuijua nchi atatamani kuhamia. Uchaguzi pia upo, na kwa miongo mingi kila karatasi ilikuwa na jina moja tu.

Tuingie ndani ya nyumba ya raia wa kawaida. Ukutani zimetundikwa picha za watawala, nazo lazima zifutwe vumbi. Redio imefungwa isishike ila idhaa ya serikali. Intaneti ya dunia ni ya wachache mno wanaoruhusiwa. Nyumba zimegawanywa katika vikundi vya kaya 20 hadi 40, viitwavyo inminban. Ndugu zetu wa Tanzania watasema, huyo si balozi wa nyumba kumi? Kwa umbo, ndiyo. Lakini balozi wetu ukimuudhi pengine atakucheleweshea barua ya utambulisho, hali mkuu wa inminban, ambaye aghalabu ni mama mtu mzima, anatakiwa ajue nani amelala kwa nani usiku wa leo, na aripoti. Kwenda mkoa mwingine kunahitaji kibali. Na kila mtu ana daraja lake la nasaba ya kisiasa, waliloliita songbun: waaminifu, wanaoyumba, na maadui. Linapimwa kwa kuangalia babu yake alikuwa nani wakati wa Wajapani na wakati wa vita. Mjukuu wa mwenye shamba kubwa wa mwaka 1945 hulipa kwa shule anayonyimwa, kwa kazi ya mgodini, na kwa kuzuiwa kuishi mji mkuu.

Mwaka 2014 tume ya Umoja wa Mataifa iliyoongozwa na jaji mstaafu wa Australia, Michael Kirby, ilieleza kwamba watu wanaokadiriwa kuwa kati ya 80,000 na 120,000 walikuwa katika kambi za wafungwa wa kisiasa, wengine kwa kosa la baba au la mjomba. Tume ilinyimwa ruhusa ya kuingia nchini. Na tangu Desemba 2020 ipo sheria ambayo mtu anayesambaza tamthilia za Kusini anaweza kuuawa kwa ajili yake.

Sasa tufike kwenye lile la mzee wetu, kwamba gazeti halimshibishi mwenye njaa.

Kaskazini, watu wa mijini walikuwa hawanunui chakula. Walipewa mgao wa serikali, kwa gramu, kulingana na umri na kazi. Kilimo kilisimama juu ya mbolea ya viwandani na pampu za umeme, na vyote viwili vilisimama juu ya mafuta ya bei nafuu kutoka kwa Wasovieti. Umoja wa Kisovieti ulipovunjika mwaka 1991, mafuta yakakatika. Mwaka huo huo serikali ilianzisha kampeni ya kuwahimiza raia wale milo miwili kwa siku. Tafakarini hilo. Habari ya upungufu ilikuwapo mezani kwa wakubwa, na dawa iliyotolewa ikawa wimbo wa kuwasifu wanaokula kidogo. Kisha mgao ukapungua, ukachelewa, na katika mikoa ya kaskazini-mashariki ukakatika kabisa. Mafuriko ya mwaka 1995 yakamalizia. Ndipo dunia ikaombwa msaada, na ulikuja, lakini watoaji hawakuachwa waende watakako. Mwaka 1998 madaktari wa Médecins Sans Frontières waliondoka nchini wakieleza kwamba hawaruhusiwi kuwafikia wanaouhitaji zaidi msaada huo.

Wangapi walikufa? Watafiti wanaoheshimika hutaja kati ya laki 6 na milioni 1. Wengine hutaja zaidi ya milioni 2. Huo upana wa makadirio nao ni sehemu ya maafa. Hakukuwa na mwandishi wa kuhesabu makaburi, wala mbunge wa kusimama na kusema jimbo langu linakufa. Mwenye njaa hakuruhusiwa hata kuhama kijiji bila kibali, ingawa wengi walivunja amri hiyo. Na katika miaka hiyo hiyo jumba la Kumsusan, yalipokuwa makao ya Kim Il Sung, lilifanywa kaburi lake la fahari.

Sisi tuliosoma sira tunaukumbuka Mwaka wa Ramada, mwaka 18 Hijria, njaa ilipoikumba Hijazi. Sayyidna Umar, Mwenyezi Mungu amridhie, alijizuia samli na nyama mpaka watu wote wapate, akawaandikia magavana wake walete chakula. Mabedui walimiminika Madina wakapiga kambi pembezoni mwake na kumlilia uso kwa uso. Hakuna aliyewauliza kibali cha safari.

Mtaalamu wa uchumi Amartya Sen, aliyeishuhudia njaa ya Bengali ya mwaka 1943 akiwa mtoto, ameandika kwamba njaa ya kuua umma haitokei katika nchi yenye uchaguzi wa kweli na magazeti huru. Hakusema nchi hizo hazina maskini; India yake ina maskini wasiohesabika. Alisema kwamba mtawala anayeweza kuulizwa na kuondolewa hawezi kulala watu wakifa kwa malaki. Basi, mzee wetu, kwa heshima zote: gazeti halimshibishi mwenye njaa, lakini humnyima usingizi mwenye ghala.

Waliookoka Kaskazini waliokolewa kwa kiasi kikubwa na wanawake. Wanaume walilazimika kuripoti kila siku kwenye viwanda visivyo na umeme wala mshahara wa maana. Wake zao wakatoka kuuza tambi, tofu, nguo kuukuu na chochote kilichovuka mto kutoka China. Masoko hayo yakaota mizizi. Kisha tarehe 30 Novemba 2009 serikali ikatangaza ghafla kubadilisha fedha, won 100 za zamani kwa 1 mpya, tena kwa kiwango kidogo kwa kila kaya. Akiba ya mama aliyekaa sokoni miaka 10 ikawa karatasi. Nani wa kumshitaki?

Tuiweke pembeni ya hilo Korea Kusini katika mwongo ule ule, kwa kuwa nayo ilipigwa. Novemba 1997 ilikaribia kuishiwa fedha za kigeni, ikalazimika kwenda Shirika la Fedha la Kimataifa na kuahidiwa mkopo wa zaidi ya dola bilioni 50. Kampuni kubwa zilianguka. Mwaka 1998 uchumi ulishuka kwa zaidi ya asilimia 5, na zaidi ya watu milioni 1 wakawa hawana kazi. Wapo waliolala katika vituo vya treni wakiwa bado na suti za ofisini, wapo waliojiua. Lakini mwezi mmoja tu baada ya mkasa kuanza, wapiga kura walikiondoa chama kilichotawala wakamchagua Kim Dae-jung, mtu aliyekuwa amehukumiwa kifo na majenerali mwaka 1980. Wananchi walipanga foleni kutoa pete na mikufu yao ya dhahabu isaidie kulipa deni. Mwaka 1999 ikapitishwa sheria ya kumhakikishia fukara riziki ya chini, si kwa hisani bali kwa haki. Mkopo ulimalizwa Agosti 2001, miaka mitatu kabla ya wakati wake.

Utaona kwamba balaa ziliwafikia wote wawili. Tunaweza kutoa mfano mwingine wa karibu zaidi. Tarehe 16 Aprili 2014 meli ya Sewol ilizama pwani ya Kusini, wakafa watu 304, wengi wao wanafunzi waliokuwa katika safari ya shule. Uzembe ulikuwa mkubwa na serikali ilijaribu kuupaka rangi. Wazazi walipiga kambi katikati ya mji mkuu kwa miaka. Majina ya watoto wote yanajulikana, nahodha alifungwa, na hasira ile ilikuwa miongoni mwa zilizojaza barabara kwa mishumaa mwaka 2016, mpaka Rais Park Geun-hye, binti wa yule Jenerali Park, akaondolewa na mahakama Machi 2017. Mwezi mmoja baada ya meli kuzama, tarehe 13 Mei 2014, jengo refu la makazi liliporomoka Pyongyang. Kwa nadra sana maofisa waliomba radhi hadharani, na picha ya mmoja wao akiinama mbele ya umati ilitolewa. Idadi ya waliokufa haijatangazwa mpaka leo.

Hatusemi Kusini ni pepo. Ina kiwango cha juu kabisa cha kujiua miongoni mwa nchi tajiri. Wazee wapatao 4 katika kila 10 ni mafukara kwa kipimo cha nchi yao, na utawaona wakisukuma mikokoteni ya maboksi ya kuuza. Mwaka 2023 wanawake wake walizaa wastani wa mtoto 0.72, chini kuliko nchi yoyote. Watu zaidi ya 34,000 wamekimbia Kaskazini wakapokelewa Kusini, na wachache kati yao, wakizidiwa na upweke na dharau, walirudi walikotoka. Ulafi wa mashindano umewala. Tukumbuke tu kwamba hesabu hizi za aibu tumezipata kwao wenyewe.

Na Waislamu je? Seoul una msikiti mkuu uliofunguliwa mwaka 1976 juu ya kiwanja kilichotolewa na serikali. Dini yenyewe ilipata mizizi kwa kiasi kikubwa kupitia askari wa Uturuki waliokwenda kupigana vita vile. Pyongyang msikiti unaojulikana uko ndani ya ua wa ubalozi wa Iran, kwa ajili ya wageni. Lakini sikilizeni na lililotokea mji wa Daegu, Kusini. Wanafunzi Waislamu, wengi wao Wapakistani, walipata kibali cha kujenga msikiti mwaka 2020. Baadhi ya majirani wakakataa. Wilaya ikasimamisha ujenzi. Wanafunzi wakaenda mahakamani, na Septemba 2022 Mahakama Kuu Kabisa iliwapa haki. Ujenzi umeendelea kusuasua hata baada ya hukumu, na chuki haikwisha: baadhi ya majirani wakaweka vichwa vya nguruwe karibu na kiwanja, wakachoma nyama yake mlangoni. Hata hivyo wageni wachache, wasio na kura hata moja, waliishitaki ofisi ya serikali wakaishinda. Huo ndio uhuru katika sura yake halisi: vichwa vya nguruwe upande mmoja, na karatasi ya hukumu upande wa pili.

Kijana wetu alitaja fitina. Usiku wa tarehe 3 Desemba 2024 Rais Yoon Suk Yeol wa Kusini alitangaza sheria ya kijeshi, akapiga marufuku shughuli za siasa na kuziweka habari chini ya jeshi. Wabunge waliruka uzio kuingia bungeni, raia wakasimama mbele ya askari, na kabla ya alfajiri wabunge 190 waliokuwamo, wote kwa pamoja, walikuwa wameipinga amri hiyo, ikaondolewa. Aprili 2025 majaji wanane kwa kauli moja walimwondoa madarakani, na Juni wananchi wakachagua mwingine. Ni makelele, hatukatai. Hakuna aliyeuawa usiku ule. Mtawala aliyetaka kunyamazisha makelele ndiye aliyekuwa hatari, na makelele ndiyo yaliyomzuia. Hata msikiti ambao mweka hazina wake haulizwi, tunajua sote unaishia wapi, japo ukae kimya kiasi gani.

Leo, kwa makadirio ya Benki Kuu ya Kusini, pato la mtu wa Kaskazini ni kama sehemu moja ya thelathini ya pato la ndugu yake. Umri wa kuishi umepungua kwa takriban miaka 10. Shirika la Chakula na Kilimo liliwahi kukadiria kwamba zaidi ya watu 4 katika kila 10 wa Kaskazini walikuwa hawapati chakula cha kutosha. Watafiti waliopima wakimbizi wamekuta kwamba ni wafupi kwa sentimita kadhaa kuliko rika zao wa Kusini. Nasaba moja, ikatenganishwa na mstari wa ramani, ikapishana hadi katika mifupa.

Wamo pia waliokatwa na mstari huo wangali hai. Tangu mwaka 1988 wazee zaidi ya 130,000 wa Kusini wamejiandikisha serikalini wakiomba kuwaona tena mke, ndugu au mtoto waliyemwacha upande wa pili wakati wa vita. Kati ya mwaka 2000 na 2018 wachache walipangiwa kukutana kwa siku mbili tatu, chini ya macho ya maofisa, kisha kila mmoja akarudi kwake bila ruhusa ya kuandikiana hata barua. Tangu Agosti 2018 hakuna mkutano mwingine. Kusini hutangaza mara kwa mara wangapi wamekufa na wangapi wamebaki. Waliobaki hawafiki 40,000, na wengi wao wamepita miaka 80. Wale wanaongojewa, upande wa Kaskazini, hawana orodha inayotangazwa.